Mlango wa Nne wa Nyumba ya Picha

Katika mji wa New York iko nyumba moja iliyowekwa makusudi kwa ajili ya picha. Jina lake ni International Center of Photography, na watu wa mji wanaikata kwa herufi tatu tu, ICP. Ni makumbusho na ni chuo pamoja. Ukutani zimetundikwa picha za mabingwa, na nyuma ya ukuta huo huo wamo vijana na watu wazima wanaojifunza kuzipiga na kuzisafisha. Tangu ilipofunguliwa mwaka 1974 nyumba hii imebadili makao mara kadhaa, na kila ilipohama ilibidi ijiulize upya mlango wake uelekee kwa nani. Habari yake yafaa kuandikwa katika kitabu chetu, kwa kuwa sisi nasi ni watu wa kuhama, na hakuna ukoo katika kurasa hizi usiokuwa na boksi la picha chini ya kitanda ambalo hakuna ajuaye litarithiwa na nani.

Mwanzilishi wake, Cornell Capa, alikuwa mhamiaji. Alizaliwa Budapest, nchi ya Hungary, mwaka 1918, katika nyumba ya Mayahudi waliokuwa wakiishi kwa ushoni, na jina la ukoo lilikuwa Friedmann. Kaka yake mkubwa alitangulia kutoka, akenda Berlin na kisha Paris, na huko ndiko alikojipa jina la Robert Capa, kwa kuwa picha zenye jina linalosikika kama la Kimarekani zililipiwa vizuri kuliko za mkimbizi asiyejulikana. Mdogo akamfuata Paris mwaka 1936, akawa akimsafishia picha zake. Mwaka 1937 akavuka bahari kuja New York, na kazi aliyoipata ilikuwa ile ile ya chumba cha giza. Wengi wetu tutaitambua njia hiyo: kaka anatangulia, mdogo anapokewa, na kazi ya kwanza ni ile ya nyuma ya pazia.

Mei 1954 Robert Capa alikanyaga bomu lililotegwa ardhini huko Indochina, akafa. Mwezi huo huo mwenziwe Werner Bischof, Mswisi, alikufa kwa ajali ya gari katika milima ya Peru. Miaka miwili baadaye, mwaka 1956, David Seymour, ambaye rafiki zake walimwita Chim, aliuawa kwa risasi karibu na Mfereji wa Suez. Cornell akabaki na mzigo wa picha za marehemu. Siku hizo picha ya gazeti ilihesabiwa na wengi kuwa kitu cha wiki moja. Gazeti likisha kusomwa lafungia samaki. Cornell hakukubali. Mwaka 1966 alianzisha mfuko wa kuzitunza kazi hizo, mwaka 1967 akaandaa maonyesho aliyoyaita "The Concerned Photographer", yaani mpiga picha mwenye kujali, na mwaka 1974 mfuko ule ukapata nyumba.

Nyumba hiyo ya kwanza ilikuwa Fifth Avenue, pembeni mwa mtaa wa 94. Ilikuwa jumba la matofali mekundu lililojengwa kwa ajili ya tajiri mmoja, Willard Straight, likamalizika mwaka 1915, na baadaye likawa la chama cha wapenda ndege, National Audubon Society. Lilikuwa jumba zuri lenye kila heshima. Lakini jumba la tajiri, hata ukimtoa tajiri, hubaki na tabia ya mwenyewe. Mlango wake ni wa mtu aliyealikwa. Mtu wa Harlem au wa Bronx aliyepita nje asingejua kama ndani zimo picha, sembuse kudhani kwamba yeye anatakiwa aingie. Kilichoikoa nyumba ile na upweke kilikuwa chuo. Tangu mwanzo Capa alitaka watu wafundishwe humo humo zinamotundikwa picha, na mwanafunzi si mgeni wa siku moja. Huja Jumatatu akarudi Jumatano, akaleta rafiki yake. Makumbusho mengi hujifunza jambo hili baada ya kuzeeka. Hii ilizaliwa nalo.

Makao ya pili yalikuwa katikati ya mji. Tawi lilifunguliwa huko mwaka 1985, jumba la Fifth Avenue likauzwa mwaka 1999, na mwaka 2000 maonyesho yote yakawa Avenue of the Americas karibu na mtaa wa 43. Mwaka uliofuata chuo nacho kikapata nafasi ng'ambo ya barabara. Hapo sina mengi ya kusema. Ni mahali pa maofisi, watu wanapita mbio wakiwahi treni, na jioni panakuwa kimya. Maonyesho yalikuwa makubwa, na mawili yatuhusu sisi watu wa Afrika: mwaka 2006 "Snap Judgments", iliyokusanya kazi za wapiga picha wa zama hizi wa bara letu, na mwaka 2012 ile ya kuinuka na kuanguka kwa siasa ya ubaguzi ya Afrika Kusini. Zote mbili zilikuwa na mkono wa Okwui Enwezor, Mnaijeria aliyekuja Marekani kusoma akaishia kuwafundisha wakubwa wa makumbusho namna ya kuitazama Afrika.

Katika miaka hiyo hiyo ya katikati ya mji lilifika sanduku ambalo habari yake siwezi kuiruka. Desemba 2007 nyumba ya picha ilipokea maboksi matatu kutoka Mexico. Ndani yake zilikuwamo negativu zipatazo 4,500 za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, kazi za Robert Capa, za mchumba wake Gerda Taro, ambaye alifia vitani humo mwaka 1937, na za Chim. Robert aliondoka Paris akaziacha nyuma kabla majeshi ya Ujerumani hayajaukaribia mji. Mtu wa studio yake akajaribu kuziokoa, zikapita mkono hata mkono, mwisho zikaangukia kwa balozi mmoja wa Mexico, naye akenda nazo kwao. Miaka zaidi ya sitini zilikaa katika nyumba ya watu Mexico City. Cornell Capa alizipokea akiwa mzee sana, na Mei 2008 akafariki dunia. Alikuwa amengoja sanduku la kaka yake karibu umri mzima wa mtu. Kila filamu ilikuwa imeviringishwa katika kijumba chake ndani ya boksi, na kifuniko kimeandikwa kwa mkono ni ya nani na ya wapi. Bila maandishi yale zingekuwa negativu 4,500 za watu wasiojulikana.

Basi turudi kwenye milango. Muda wa pango la katikati ya mji ulimalizika, na Januari 2015 maonyesho yakafungwa. Chuo kikabaki pale pale. Juni 2016 makumbusho yakafunguliwa upya peke yake, Bowery namba 250, chini kabisa ya mji, katika jengo jipya lenye vioo mbele. Nia ilikuwa njema: washuke mtaani, watu wapite waone. Lakini mwanafunzi akawa yuko mtaa wa 43 na picha ziko Bowery, na baina yao mwendo wa treni. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa hapo, wala si katika vioo. Nyumba iliyozoea kuwa na watoto ndani ikajikuta ina wageni tu. Makumbusho bila chuo yakawa duka la picha zisizouzwa, na chuo bila makumbusho kikawa madarasa.

Mwaka 2019 Bowery pakafungwa, na tarehe 25 Januari 2020 ukafunguliwa mlango wa nne, Essex Street namba 79, katika mtaa wa Lower East Side. Safari hii wote wawili waliingia pamoja. Jengo lina orofa nne na ukubwa wa futi za mraba 40,000 hivi, na ramani yake ilichorwa na wasanifu wa kampuni ya Gensler.

Lakini kabla ya jengo, tuseme juu ya kiwanja, maana kiwanja kina hadithi nzito kuliko jengo. Lower East Side ni mtaa wa wageni tangu karne ya 19. Wajerumani, Mayahudi wa Urusi na Poland, Wataliana, Wachina, watu wa Puerto Rico, wote walishukia hapo wakapanga vyumba vya giza visivyo na hewa. Picha nazo zina historia pale. Jacob Riis, mwandishi wa magazeti aliyehamia kutoka Denmark mwaka 1870, aliingia katika vyumba hivyo usiku na baruti ya kumulikia, akawapiga watu wakiwa wamelala au wameshtuka, na kitabu chake cha mwaka 1890 kikawafanya wakubwa wa mji waone haya. Faida ilipatikana. Hata hivyo tazama nyuso za wale watu: hakuna aliyewabishia hodi. Na kijana mmoja aliyekulia mtaa huo baada ya kuja na jamaa zake kutoka upande ambao leo ni Ukraine, Arthur Fellig, alikuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Weegee, mpiga picha wa usiku, wa moto na wa mauaji. Hazina yake nzima ya picha na karatasi iliachiwa ICP mwaka 1993. Kwa hivyo nyumba ya picha ilipohamia Essex Street, Weegee alirudi mtaani kwao, ingawa yeye mwenyewe alikufa tangu mwaka 1968.

Sasa kiwanja. Mwaka 1967 serikali ya mji ilianza kubomoa nyumba kusini ya Delancey Street, kwa mpango ulioitwa wa kufufua mtaa. Zaidi ya familia 1,800 zilitolewa, nyingi katika hizo za watu wa Puerto Rico, wote maskini, wakaahidiwa kurudi majumba mapya yakijengwa. Majumba hayakujengwa. Wakubwa walibishana ni nani awekwe pale, wa kabila gani na wa kipato gani, na ubishi huo ukala zaidi ya miaka 40. Muda wote huo viwanja vilikuwa maegesho ya magari. Sisi tuliotoka Ng'ambo ya Unguja tunaijua picha hiyo. Tumeona mitaa ikivunjwa ili majumba ya Michenzani yapite, na tunajua kwamba nyumba ikibomolewa hakibomoki chumba peke yake, bali na ujirani. Tofauti ni kwamba kwetu majumba yalisimama. Essex Street palibaki uwanja mtupu, na mtoto aliyetolewa akiwa na miaka kumi alifika hamsini na zaidi kabla hajaona tofali.

Baraza la mji lilipitisha mpango mpya mwaka 2012, na mwaka 2013 wajenzi wakachaguliwa. Mpango ukaitwa Essex Crossing: viwanja tisa, fleti zaidi ya elfu moja, nusu yake kwa kodi ambayo watu wa kipato kidogo na cha kati waliweza kuilipa. Wale waliotolewa mwaka 1967 walipewa haki ya kutangulizwa katika maombi. Soko la Essex, ambalo meya La Guardia alilifungua mwaka 1940 ili wachuuzi wa mikokoteni waondoke barabarani, likahamishiwa jengo jipya mwaka 2019, na wauza samaki na mboga wakahamia na meza zao. Na katikati ya hayo yote wakaletwa watu wa picha.

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Nyumba ya sanaa ikijengwa juu ya kiwanja cha watu waliofukuzwa, inawakaribisha au inawakalia? Mara nyingi makumbusho mapya hutangulia, nyuma yake huja mikahawa ya ghali, na nyuma ya mikahawa huja barua ya mwenye nyumba ya kupandisha kodi. Wazee wa mtaa walikuwa na haki ya kuwa na shaka, na kioo kikubwa peke yake hakiiondoi shaka hiyo. Kioo humwonyesha mpita njia kilicho ndani. Hakimwambii kwamba yeye ni mwenyeji.

Wasanifu nao walikuwa na taabu yao. Picha ya karatasi huliwa na mwanga. Ukiitundika penye jua, miaka michache inapauka, kama zilivyopauka picha nyingi za harusi katika kumbi zetu. Kwa hivyo chumba cha maonyesho chataka kufungwa, kiwe na taa hafifu na ukuta usio na dirisha, ilhali jirani ataka aone ndani ndipo athubutu kuingia. Mambo mawili hayo yanapingana, na kila makumbusho ya picha duniani yanahangaika nayo. Hapa chuo kilisaidia tena. Picha hazistahimili jua, lakini watu wanastahimili. Chini wakaweka duka la vitabu na mahali pa kahawa, ambako mtu huingia bila kukata tiketi, na katika jengo hilo hilo yakawekwa maonyesho, madarasa, maktaba, studio na vyumba vya giza. Anayesimama njiani akitazama juu kupitia vioo huona watu wakifanya kazi. Hazina kubwa, picha zipatazo 200,000, haikujazwa humo. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kupelekwa ghalani Jersey City, ng'ambo ya mto.

Maonyesho ya ufunguzi nayo yalichaguliwa kwa akili. Moja lilikuwa la picha za Lower East Side zenyewe, kutoka katika hazina ya nyumba. La pili lilikuwa la historia ya muziki wa hip-hop, muziki uliozaliwa Bronx na kushika vijana wa dunia nzima, wakiwamo wetu, wapende wazee wasipende. La tatu lilikuwa la Tyler Mitchell, kijana mweusi kutoka Georgia ambaye mwaka 2018, akiwa na miaka 23, alikuwa mweusi wa kwanza kupiga picha ya jalada la jarida la Vogue la Marekani, na aliyempiga alikuwa Beyoncé. Picha zake ni za vijana weusi wakipumzika, wakicheza bembea, wamelala juani. Hakuna askari wala damu. Mtu aliyezoea kuona watu wa rangi yake wakipigwa picha siku ya msiba tu, akiingia pale na wanawe, anaona kitu ambacho Riis hakukipiga.

Wiki saba tu baadaye, Machi 2020, maradhi ya korona yakafunga kila mlango wa New York. Mlango wa nne ulifungwa ungali na harufu ya rangi. Na ajabu ni kwamba katika kufungwa huko ndimo nyumba ilimofanya tendo lake la ukaribisho lililo kubwa kuliko vioo vyote. Watu wa kila nchi waliombwa kuleta kwa mtandao picha zao za siku hizo: barabara tupu, mgonjwa, bibi nyuma ya dirisha, maandamano ya kiangazi kile. Hawakuulizwa vyeti. Maelfu wakaleta, zikachaguliwa, zikachapwa na kutundikwa, na milango ilipofunguliwa Oktoba 2020 ukutani palikuwa na mabingwa na wasiojulikana bega kwa bega. Nyumba iliyoanzishwa kutunza kazi za majina matatu makubwa ikawa imetundika kazi ya mtu aliyepiga kwa simu jikoni kwake.

Chuo nacho kina mkono wake nje ya jengo. Tangu miaka ya 1990 ICP imeshirikiana na jumuiya ya The Point, huko Hunts Point katika Bronx, kuwafundisha watoto wa mtaa ule kupiga picha. Mtoto hufuatwa kwao, hangojwi Manhattan. Kama ningeulizwa ni nini kilichoifundisha nyumba hii kukaribisha watu, ningetaja chumba cha giza cha Bronx kabla ya kuutaja Essex Street.

Waama, sisi tulikuwa na jambo hilo zamani bila msanifu. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja mjini mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilikuwa dukani, mlango wazi, na picha zimetundikwa ili watu wazione. Siku ya Idi mtu alivaa kanzu mpya akenda kupigwa. Aliyepita njia akamwona shangazi yake ukutani, akaingia kuuliza bei ya ya kwake. Studio za namna hiyo zilikuwako pia Mombasa, Lamu na Dar es Salaam, na hazikumwuliza mtu kabila wala daraja, mradi analipa. Picha tulizozibeba kuja Muscat, London na New Jersey zimetoka huko. Miaka ya karibuni wanavyuo wa Marekani wamezigundua: mwaka 2017 maonyesho ya sanaa za Waswahili yalifunguliwa katika chuo kikuu cha Illinois, na mwaka 2018 yakapelekwa Washington, na picha za mwambao zilikuwamo. Bibi zetu sasa wanatazamwa katika makumbusho. Kilichonisikitisha ni wingi wa picha za namna hiyo, katika makumbusho na katika vitabu, ambazo chini yake pameandikwa "mwanamke wa Zanzibar", basi. Huyo mwanamke ana jina, na pengine ana mjukuu anayesoma ukurasa huu.

Mabaraza mawili ya wazee wa jamaa, la London na la hapa, yameafikiana kwamba kitabu cha mwaka ujao kiwe na kurasa za picha za kabla ya 1964. Kila ukoo ulete zisizozidi kumi. Picha zenyewe zisitumwe kwa posta. Kila penye familia nyingi kijana mmoja atapita na mashine ya kuzinakili, azirudishe pale pale mezani. Nyuma ya kila picha paandikwe kwa penseli laini, si kalamu ya wino, maana wino hupenya ukaharibu upande wa pili: majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka kama wajulikana, na aliyepiga kama muhuri wa studio ungalipo. Mwenye kuwatambua watu katika picha asiyeweza kuandika, kwa macho au kwa mkono, akae na mjukuu wake mmoja aandikiwe. Bibi watatu tunaowategemea kwa nyuso za Malindi na Kikwajuni wamekwisha kupita miaka themanini, basi kazi hii ianze kwao, na ianze kabla ya Ramadhani.